Boti ya mita 5.5 kwenye trela la ekseli moja, safari ya kilomita 600: nikague nini?

Baharia wa Nchi Kavu

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba mwongozo kwa wanaokokota boti mara kwa mara. Hali yenyewe ni hii.

Boti ni ya faiba, urefu mita 5.5, kibati kinasema kilo 650 bila injini. Injini ni ya kuning'inia nyuma, fostroki, nguvu za farasi 90, kilo 165. Tangi la ndani ni lita 90, betri mbili. Trela ni la ekseli moja, lina rola za mkuku (uti wa chini wa boti) katikati na vilalio viwili vya mbao vyenye zulia. Lenyewe lina kilo 350, na jumla inayoruhusiwa ni kilo 1,400. Kutoka kwenye tufe la kukokotea hadi ekseli ni mita 4. Gari linaruhusu kilo 100 kushuka kwenye tufe.

Njia ni lami, ila kilomita 40 za mwisho ni vumbi na mashimo. Trela limesimama miezi 8 bila kutembea.

Mpango wangu: nijaze tangi kabisa, niongeze madumu matatu ya lita 20 ya petroli ndani ya boti, pamoja na hema, meza na majokofu mawili ya barafu, maana garini hakuna nafasi. Injini naiinua mpaka juu na kuifungia kishikizo chake. Omo, yaani mbele ya boti, nafunga kwa winchi, kisha natupia turubai juu. Kuna kitu nimesahau?

---

Mkuku

Mkuu, kabla ya kamba na turubai, piga hesabu ya uzito, kwa sababu mpango wako umeshapita kiwango.

Boti 650 na injini 165 ni 815. Petroli ina takriban kilo 0.74 kwa lita, kwa hiyo tangi lililojaa ni kilo 67. Betri mbili ni 50 hivi. Nanga, mnyororo, kamba na makoti ya kuokolea weka 40. Hapo boti ni 972, na ukijumlisha trela ni 1,322. Umebakiwa na kilo 78 tu. Madumu matatu pamoja na uzito wa plastiki ni karibu 48, hema na meza na majokofu yenye barafu hayapungui 75. Jumla 1,445. Umezidisha kilo 45, na hapo tumeamini kibati. Boti ya faiba yenye umri huwa imenyonya maji kwenye povu la ndani na hakuna kibati kitakachokuambia. Ukipata mizani ya magari, pima.

Tiba ni rahisi: nenda na lita 20 kwenye tangi badala ya 90. Unaokoa kilo 52 papo hapo. Madumu acha kabisa. Dumu la petroli linalorukaruka ndani ya boti iliyofunikwa turubai linajaza mvuke chini ya sakafu, palepale betri zilipo. Ukifika utanunua.

Na maji. Toa kizibo cha ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) sasa hivi na safari nzima kiwe nje. Boti iliyosimama miezi 8 huenda ina maji ya mvua chini ya sakafu, na lita moja ni kilo moja. Inua omo kwa gurudumu la mbele la trela, iache hivyo nusu saa. Tangi la samaki na mabomba yake nayo yamwage. Safisha magugu na matope kwenye trela pia, usihamishe viumbe vya ziwa moja kwenda jingine. Kizibo ukishakitoa kitundike kwenye mkono wa winchi, mahali ambapo huwezi kushusha boti bila kukigusa. Wanaokiweka mfukoni ndio wanaozamisha boti kwenye mteremko wa kushushia.

Kisha pima uzito wa mbele, yaani unaokaa juu ya tufe. Lenga asilimia 5 hadi 7 ya jumla, kwako ni kama kilo 65 hadi 90. Ukiwa mdogo mno trela linaanza kuyumba kama mkia wa samaki, hasa kwenye mteremko au lori likikupita. Ukizidi, tezi (nyuma) ya gari inashuka na usukani unakuwa mwepesi. Namna ya kupima: trela lililopakiwa kama litakavyosafiri, mahali tambarare, kabari kwenye magurudumu. Kata kipande cha mbao, kisimamishe juu ya mizani ya bafuni, kikombe cha trela (kile kinachofunika tufe) kikae juu yake kikiwa kwenye kimo kilekile cha tufe la gari. Usipime kikiwa juu au chini zaidi, namba inabadilika. Lete jibu hapa.

---

FundiHabu

Miezi 8? Anza na magurudumu.

Piga jeki upande mmoja, upande wa pili tia kabari mbele na nyuma. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Mchezo mdogo unaohisika mkononi lakini hauonekani kwa jicho si tatizo kwa beringi za koni. Ukisikia linagonga, beringi imelegea au imekwisha. Halafu lizungushe kwa nguvu na uweke vidole juu ya springi: mkwaruzo wa beringi iliyoliwa utaupata kwa vidole kabla sikio halijausikia. Tairi likigoma kuzunguka wakati hendibreki imeachiwa, viatu vya breki vimeganda kwenye ngoma kwa kutu, na usitegemee vitajiachia barabarani.

Usiishie hapo, fungua kifuniko cha habu uangalie grisi. Ya kahawia au ya buluu inayong'aa ni nzima. Nyeupe kama maziwa ina maji. Hapa ndipo matrela ya boti yanapokufa: habu inafika kando ya maji ikiwa ya moto, hewa ya ndani imetanuka, unaisukuma majini hapohapo, hewa inasinyaa ghafla na kunyonya maji kupitia sili ya nyuma. Kutu inaanza kwenye rola za beringi trela likiwa limepumzika, siyo likiwa barabarani. Ndiyo maana miezi 8 ya kusimama inanitisha kuliko kilomita 600 za kutembea.

Ukikuta maji, toa zote. Beringi yenye vidoa au rangi ya kuungua inabadilishwa pamoja na bakuli lake lililopigwa ndani ya habu. Kuweka koni mpya kwenye bakuli la zamani ni kutupa pesa. Grisi iwe ya boti, isiyoyeyuka kwa maji, na usiichanganye na ya zamani, osha kabisa kwanza. Jaza kwa kusukumiza upande mpana wa beringi mpaka grisi ichomoze upande mwembamba, mzunguko mzima. Sili mpya. Wakati wa kufunga, kaza nati huku unazungusha gurudumu mpaka liwe zito, ilegeze iachie, kisha ikaze kwa vidole tu na urudi hadi tundu la karibu lipokee kotapini. Kotapini iwe mpya.

Kama una vile vifuniko vyenye springi na nipo, usipige grisi kama unajaza tairi. Ikizidi inasukuma sili ya nyuma, grisi inamwagikia breki, na hutajua mpaka siku ya kuzihitaji.

Matairi: soma tarakimu nne za mwisho ubavuni, 3517 ni wiki ya 35 ya mwaka 2017. Tairi la trela huzeeka kabla halijaisha kashata, na likipita miaka 6 mimi silipeleki kilomita 600 hata liwe zuri vipi machoni. Angalia pia namba ya mzigo. Ekseli yako itabeba kama kilo 1,250, kila tairi 625. Namba 91 ni kilo 615, haitoshi. 95 ni kilo 690, hiyo sawa. Upepo pima tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha mzigo kamili.

Stepni uwe nayo, na hakikisha spana ya gari inaingia kwenye nati za trela na jeki ya gari inafika chini ya ekseli ikiwa tairi halina upepo. Mara nyingi haifiki.

Taa: washa taa kubwa, kanyaga breki na uwashe indiketa vyote kwa pamoja. Zikififia au zikipepesa zote kwa mpigo mmoja, usibadilishe balbu, tatizo ni waya wa ethi. Kwangua kutu pale unapofungwa kwenye fremu.

---

Omo_na_Tezi

Wenzangu wamemaliza ya chini, mimi naja juu.

Kile kishikizo kwenye injini ni cha kuegeshea na kufanyia kazi, hakikutengenezwa kwa barabara. Injini ya kilo 165 ikiwa imeinuliwa juu kabisa, uzito wake uko nyuma sana ya tezi. Kila shimo linaufanya uwe kama nyundo yenye mpini mrefu, na mpini huo umeshikwa na ubao wa tezi na jeki za haidroliki. Matokeo huyaoni siku hiyo. Utayaona baadaye kama nyufa ndogo za nywele kwenye pembe za tezi, au boliti za injini zinazolegea kila mwezi.

Tumia mhimili wa kuegemezea: fimbo ya chuma ambayo upande mmoja inakaa kwenye rola ya mwisho au mtaimbo wa nyuma wa trela, na upande mwingine ina V ya mpira inayopokea mguu wa injini juu kidogo ya propela. Inua injini kiasi tu cha kulipatia pezi (ncha ya chini kabisa ya mguu wa injini) nafasi salama, weka mhimili, kisha ishushe kwa swichi mpaka iubane. Funga kwa mkanda ili isiruke. Baada ya hapo zima swichi kuu ya betri.

Na kabla ya yote hayo, kama injini imetoka maji ya chumvi, iendeshe kwa maji baridi, kisha iache wima dakika chache maji yote yashuke.

Kuhusu kufunga: winchi ni ya kupandishia boti, siyo ya kusafirishia. Meno yake ni madogo na yanaweza kuachia. Omo inahitaji vitu vitatu. Mkanda wa winchi umekazwa na pete ya omo imekaa chini ya rola ya nguzo, siyo juu yake. Mnyororo mfupi wa usalama kutoka pete hadi nguzo. Na mkanda wa racheti kutoka pete ya omo kwenda chini na nyuma hadi kwenye fremu. Huu wa tatu ndio watu wanaouruka, na ndio unaoizuia boti isikwee nguzo ukikanyaga breki. Kwenye breki kali mzigo husukuma mbele kwa nguvu inayokaribia asilimia 80 ya uzito wake. Kwako hiyo ni kama kilo 740 zinazoegemea nguzo moja ya winchi, kwa hiyo kagua pia boliti za nguzo hiyo.

Nyuma weka mikanda miwili, kila pete ya tezi na upande wake, ishuke moja kwa moja hadi fremu. Upana wa mm 50 ikiwezekana. Kaza mpaka springi za trela zianze kushuka kidogo, ikitosha hivyo acha. Tafuta ya polista. Nailoni inanyonya maji na kurefuka, kwa hiyo kamba nzuri ya kufungia boti gatini ni kamba mbaya ya kuifungia kwenye trela. Mkanda unaopita juu ya ukingo wa boti usiutumie kama una pete, faiba inabonyea na kupasuka rangi. Ukilazimika, weka zulia chini yake.

Turubai la "kutupia juu" ondoa kwenye mpango. Likipigapiga kwa kilomita 600 linakwangua rangi ya faiba kama msasa. Kama halikushonwa kwa ajili ya boti hiyo, safiri bila turubai. Lakini mito ya viti itoe, viti vikunje na kufunga, kivuli kikunjwe, antena ilale, na kila mfuniko unaofunguka kuelekea nyuma utie mkanda wa gundi. Bawaba peke yake hazitoshi, upepo wa kilomita 80 kwa saa huingia chini na kuinyanyua.

---

Pweza_8

Naomba nipingane kidogo na @Omo_na_Tezi kuhusu mhimili. Injini ikiwa imeshushwa wima kabisa, ndipo ubao wa tezi unapobeba mzigo kwa unafuu zaidi, na hakuna haja ya fimbo yoyote. Fimbo yenyewe inahamishia mtikisiko wa trela kwenye mguu wa injini. Pima tu kutoka pezi hadi chini: kama nafasi ipo, iache wima.

---

Omo_na_Tezi

@Pweza_8 kwa lami tupu nakubaliana na wewe, na watengenezaji wengi wa injini wanasema hivyohivyo: wima ikiwa nafasi inatosha. Ila yeye ana kilomita 40 za mashimo. Pezi likiwa sentimita 25 juu ya lami, kwenye tuta au mwisho wa mteremko tezi inashuka na hizo 25 zinaisha. Kwake: chini ya sentimita 30, inua na uweke mhimili. Zaidi ya hapo, iache wima.

---

Tanga la Zamani

Nadandia uzi. Mimi nina mashua ya mbao ya mita 6, yenye mlingoti, na trela ni la kuazima lenye vilalio viwili tu bila rola za katikati. Yaliyosemwa yanahusu na mbao?

---

Mkuku

Hapana, trela hilo halikufai kama lilivyo. Mashua ya mbao lazima ikae juu ya mkuku wake. Uzito wote uende kwenye mkuku, sehemu tatu au zaidi, na vilalio vya pembeni viwe vya kuizuia isilale tu. Na vilalio hivyo viguse palipo na mataruma, yaani mbavu za mashua. Vikikaa kati ya taruma na taruma vinasukuma ubao mtupu, misumari inalegea na kalafati (pamba ya kuzibia kati ya mbao) inatoka. Chonga magogo mawili matatu ya kuweka chini ya mkuku, yafunge kwenye fremu.

Jua na upepo wa barabarani hukausha mbao haraka mno. Weka magunia yaliyoloweshwa ndani, upande wa chini, na uyamwagie maji kila ukisimama. Ukishaishusha itavuja mpaka mbao zivimbe tena, hivyo usiifunge gatini na kuondoka.

Mlingoti ushushe, uegemeze sehemu tatu, katikati ikiwemo, maana ukiegemezwa ncha mbili tu utadundadunda. Usukani toa. Na ukifika, kabla ya kusimamisha mlingoti, inua kichwa utazame juu kama kuna nyaya za umeme, kuanzia hapo ulipo hadi majini. Mlingoti wa alumini au waya wa kuushikilia ukigusa umeme, aliyeshika trela amekwisha.

---

Baharia wa Nchi Kavu

Asanteni sana wakuu. Majibu: grisi ya habu ya kulia ilikuwa nyeupe, ya kushoto safi. Nimebadilisha beringi na sili pande zote. Matairi ni 95, ya wiki ya 12 ya 2022. Pezi hadi ardhini ni sentimita 22, kwa hiyo nitatumia mhimili.

Ila uzito wa mbele, nikiwa na lita 20 na bila mizigo ya kambi, ni kilo 52 tu. Na nimeona tezi ya boti inatokeza sentimita 10 nyuma ya ncha za vilalio. Nipakie majokofu kule omo ili nipate uzito?

---

Mkuku

Usipakie omo. Hizo dalili mbili ni ugonjwa mmoja: boti imekaa nyuma mno. Na hiyo ya tezi kutokeza ni mbaya kuliko namba 52. Injini ya kilo 165 inaning'inia kwenye faiba isiyo na kitu chini yake, na ncha ya kilalio inageuka kuwa kabari. Baada ya muda sakafu ya nje inaingia bonde mahali hapo, na boti yenye bonde karibu na tezi haipandi vizuri juu ya maji tena, omo inagoma kuinuka.

Legeza boliti za nguzo ya winchi, isogeze mbele sentimita 12, kaza, kisha ivute boti mpaka pua iguse rola. Hesabu yake: boti yako sasa ni kilo 920, mara mita 0.12, gawa kwa mita 4, unapata kama kilo 28. 52 na 28 ni 80. Tezi itakuwa imeingia sentimita 2 ndani ya ncha za vilalio, ndipo inapotakiwa. Hakikisha omo haitagonga mlango wa nyuma wa gari ukikata kona kali, na pima tena kwa mizani, usiiamini hesabu yangu.

Mizigo ya kambi kilo 75 iweke juu ya ekseli, chini sakafuni, ifungwe. Hapo haibadilishi uzito wa mbele, na jumla ni 1,345.

---

FundiHabu

Simama baada ya kilomita 15 za kwanza. Boti hukaa chini kwenye vilalio na mikanda hulegea, kaza tena. Hapohapo gusa habu zote mbili kwa mkono: vuguvugu ni sawa, isiyoshikika simama hapo, na moja ikiwa ya moto zaidi ya mwenzake kwa mbali, hiyo ndiyo ya kufunguliwa. Kwa kuwa umeweka beringi mpya pande zote, fanya hivyo tena kilomita 50, na nati za magurudumu uzipitie kwa spana. Baadaye kila kilomita 100.

Kabla ya kuondoka: funga kikombe kwenye tufe, kisha zungusha mkono wa gurudumu la mbele kana kwamba unainua trela. Tezi ya gari ikipanda pamoja nalo, kimeshika. Ikibaki chini na kikombe kikachomoka, kilikuwa kimekaa juu ya tufe tu. Minyororo ipishane kama X chini ya kikombe.

---

Baharia wa Nchi Kavu

Nimesogeza nguzo, mizani inasema 83. Swali la mwisho: nimefanya mzunguko mfupi, mikanda ya nyuma inavuma kama nzumari kuanzia kilomita 60 kwa saa. Imelegea?

---

Omo_na_Tezi

Haijalegea, ni upepo unaoutikisa mkanda uliolala bapa. Fungua, usokote nusu mzunguko kati ya pete na racheti, kaza tena. Utanyamaza, na nyuzi hazitalika pale kwenye kulabu.